Baiskeli Vipande Vipande: Namna ya Kuisafirisha Kati ya Kyimo, Mbeya na Kyela

Kyimo haina tambarare ya kujivunia. Barabara kuu ikitoka Uyole hupanda hadi Isyonje, kisha hushuka kuelekea kusini: Kiwira, Kyimo, Tukuyu, Ushirika, hadi bondeni Kyela karibu na Ziwa Nyasa. Tukuyu iko kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa lenyewe liko chini ya mita 500. Mwenye baiskeli anaijua tofauti hiyo kwa magoti yake. Kwenda Kyela ni kukaa kwenye kiti na kushika breki. Kurudi ni kusukuma, tena mara nyingi kwenye mvua, maana wilayani Rungwe mvua haina ratiba.

Kwa hiyo baiskeli ya mtu wa Kyimo, isipokuwa ya kwenda shambani na kurudi, itapanda gari siku moja. Labda umeinunua ya mtumba Mbeya mjini na unaileta nyumbani. Labda kijana anahamia Kyela msimu wa mpunga. Labda umeshuka nayo mwenyewe kumwona shemeji na sasa mlima unakutazama. Katika hali zote hizo, jambo litakaloamua kama itafika salama ni jinsi ulivyoifungua na kuifunga.

Wengi wanadhani dawa ni kutafuta baiskeli maalumu, ya kukunja au ya kutenganishwa. Kwa mazingira yetu, nasema hapana. Baiskeli ya kawaida tayari ni vipande vilivyofungwa kwa nati, na ukiwa na spana tatu unaigeuza kifurushi katika muda ambao kosta inasubiri kujaza abiria.

Jua unafungua baiskeli ya aina gani

Kama ni Phoenix, Hero au Avon ya zamani, yenye breki za vyuma vinavyotoka kwenye usukani hadi kwenye ringi, usiwe na tamaa ya kuifungua yote. Vyuma vile vya breki vimeshikana na usukani. Ukiung'oa lazima uvifungue navyo, na kuvirudisha mahali pake ni kazi ya fundi aliyekaa chini ya mti bila haraka. Isitoshe, vibano vya breki hukaa upande wa ndani wa ringi, kwa hiyo hata gurudumu halitoki kwa kulivuta tu: legeza kwanza vishikizo vya breki kwenye foko. Baiskeli hizi ni nzito, hukaribia kilo 20, lakini zina chuma cha kuvumilia. Toa pedali, geuza kiti, ifunge vizuri juu ya keria ya gari ikiwa nzima. Nimeona Phoenix zikisafiri hivyo zikafika bila mkwaruzo, na nimeona zilizofunguliwa na mtu asiyejua zikifika zikiwa na vyuma vya breki kama waya wa kuanikia nguo.

Za mtumba zenye gia ndizo rahisi zaidi. Breki zake ni za waya, magurudumu hutoka haraka, na baadhi zina mkono mdogo wa kufungulia ekseli bila spana. Hizi fungua.

Kuna pia zile ambazo breki ya nyuma hushika ukirudisha pedali nyuma. Hizi zina kipande cha chuma bapa kinachotoka kwenye kitovu cha gurudumu la nyuma na kufungwa kwenye bomba la fremu. Kifungue kabla ya kutoa gurudumu, na wakati wa kulirudisha usikisahau hata kwa bahati mbaya. Kikiwa wazi, huna breki ya nyuma. Utakanyaga kurudi nyuma, chuma kitazunguka, na mteremko utaendelea.

Za kukunja na za kutenganishwa

Wazo la baiskeli ya vipande ni la zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kampuni ya BSA ya Uingereza ilitengeneza baiskeli ya kukunja kwa askari wa miavuli: fremu ilikunjwa katikati na kukazwa kwa nati zenye masikio, zile za kufunga kwa vidole. Mwaka 1962 Alex Moulton, mhandisi Mwingereza, alitoa baiskeli yake yenye magurudumu madogo, na baadaye yakaja matoleo ambayo fremu yake hutengana vipande viwili. Marekani, Tom Ritchey alibuni fremu ya Break-Away, inayoachana sehemu mbili: kwenye bomba la kiti, na kwenye bomba la chini karibu na pedali. Lengo lake ni kuingia kwenye sanduku ambalo urefu, upana na kimo vikijumlishwa havizidi sentimeta 158, kipimo ambacho mashirika mengi ya ndege hukubali kama mzigo wa kawaida.

Sasa sikiliza hili. Ritchey huyohuyo alifika Rwanda mwaka 2005, akaona wakulima wakihangaika kuteremsha kahawa kwenye vilima vinavyofanana na vyetu, akaanzisha Project Rwanda. Baiskeli aliyowabunia wakulima hao ilikuwa ndefu, ya fremu nzima, yenye sehemu pana ya mzigo nyuma. Mtu aliyejua kukata fremu kuliko wengi duniani hakuwapelekea wabeba kahawa fremu ya kukatwa. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa kutosha kwa mbeba ndizi.

Hata hivyo, baiskeli za kukunja zipo kwenye mitumba, nyingi zikitoka Japani, na zina kazi yake. Mwalimu au karani anayepanda gari hadi Tukuyu na kumalizia njia kwa baiskeli atafurahi nayo. Ukikutana nayo, usianze kutazama rangi. Simama kando yake, shika usukani kwa mkono mmoja na kiti kwa mkono mwingine, kisha sukuma na kuvuta kwa nguvu ukitazama bawaba ya katikati. Ikicheza hata kidogo, iache. Ifungue, upitishe ukucha kwenye mstari wa kuchomelea pande zote mbili za bawaba. Ufa mdogo huanzia hapo, na rangi mpya iliyopakwa sehemu hiyo tu ni sababu ya kumuuliza muuzaji maswali. Mkono wa kufungia bawaba unatakiwa ukaze kwa nguvu ya kiganja, na uwe na kizuizi cha pili kinachouzuia kufunguka wenyewe. Kizuizi kikiwa kimevunjika na mahali pake pamefungwa mpira, endelea na safari yako.

Na usiibebeshe mkungu wa ndizi. Magurudumu yake madogo huzama kwenye mashimo ambayo Phoenix huyapita bila kuyaona, na bawaba haikutengenezwa kwa uzito wa sokoni.

Jambo jingine linaloulizwa sana ni kama fundi wa kuchomelea anaweza kuikata fremu ya kawaida katikati na kuweka bomba la ndani na boliti, ili itengane. Atakwambia anaweza, na kweli atakata. Tatizo ni kitakachofuata. Bomba la chini la fremu hupokea nguvu kila unapokanyaga pedali, na ukishuka mlima umeshika breki ya mbele uzito wako wote hukimbilia huko. Chuma chembamba kikishaunguzwa kwa moto wa kuchomelea hudhoofika pembeni ya weldi, na tundu la boliti huwa mwanzo wa ufa. Fremu kama hiyo haikatiki uani wakati fundi anaijaribu. Hukatika huko chini, baada ya Tukuyu, ukiwa kasi. Wanaofanya kazi hii kwa usalama hutumia viungio vilivyochongwa kiwandani kwa kazi hiyo na fremu iliyopimwa kwa ajili yake, na gharama yake inazidi kwa mbali thamani ya baiskeli nyingi tunazopanda.

Kama una fundi mzuri na fedha kidogo, mwambie akutengenezee keria ya nyuma inayotoka kwa nati nne, au tela la magurudumu mawili linalonasa chini ya kiti na kuachiliwa ukifika. Hivyo ndivyo vitu vya kutenganisha. Mzigo ukishuka, tela linabaki Kyela kwa mwenyeji wako, nawe unarudi na baiskeli nyepesi.

Vifaa

Huhitaji sanduku la gereji. Spana namba 15 itafungua pedali na nati nyingi za ekseli. Beba na namba 14 kwa zile za mbele. Spana za umbo la L, hasa namba 5 na 6, ni za kiti na usukani wa baiskeli mpya kidogo. Ongeza bisibisi, kitambaa kikuukuu, kipande cha mbao cha kugongea, mipira ya kufungia mizigo iliyokatwa kutoka tyubu zilizokufa, na kiroba kimoja cha salfeti. Mkasi au kisu utakuwa nacho.

Kufungua

Anza na alama. Kabla hujagusa nati yoyote, chora mstari kwa rangi ya kucha mahali bomba la kiti linapoingia kwenye fremu, na mwingine mahali usukani unapoingia kwenye foko. Mistari hiyo itakuokoa dakika nyingi za kubahatisha ukifika.

Pedali hufuata. Hapa ndipo watu huharibu kranki nzuri kwa ubishi. Pedali ya kulia hufunguka kama nati nyingine zote, kinyume cha mwendo wa saa. Ya kushoto imegeuzwa: hufunguka kwa kufuata mwendo wa saa. Njia rahisi ya kukumbuka ni kwamba zote mbili hufunguka ukizungusha spana kuelekea nyuma ya baiskeli, ikiwa spana imeshika juu ya pedali. Ikigoma, usiongeze nguvu kwa hasira. Dondosha mafuta kidogo, nenda kanywe chai, rudi.

Usukani wa aina ya zamani una boliti ndefu juu katikati. Ilegeze mizunguko mitatu au minne lakini usiitoe. Usukani hautatikisika, na wengi hapo huanza kuukunja kwa nguvu. Ndani kuna kabari iliyobana. Weka kipande cha mbao juu ya kichwa cha boliti, gonga mara moja kwa nyundo au jiwe: utasikia mlio mfupi, boliti itazama kidogo, na usukani utakuwa huru. Sasa ugeuze ulale sambamba na fremu, au uutoe na kuufunga kwenye bomba la juu bila kukata waya wa breki. Kwa baiskeli za kisasa ambazo usukani umebanwa na boliti mbili za pembeni, legeza hizo mbili tu na uugeuze. Boliti ya juu kabisa usiiguse; ukiitoa, foko inaweza kuchomoka na gololi kumwagika kwenye nyasi za stendi.

Gurudumu la mbele litoke. La nyuma litoke tu kama gari ni dogo, mfano Noah, au kama unaifunga kwa safari ndefu. Kwa gurudumu la nyuma, hamisha cheni kwenye gia ndogo kuliko zote kwanza, ndipo ulegeze. Kile kifaa cha kubadilishia gia kinachoning'inia nyuma ndicho kipande chepesi kuvunjika kuliko vyote kwenye baiskeli. Kifungue, kizungushie kitambaa, ukifunge ndani ya fremu.

Kila nati irudishwe kwenye ekseli yake mara gurudumu linapotoka. Mfuko wa nailoni wa kuhifadhia nati ni kitu kizuri hadi utakapotoboka.

Kufunga

Ukitoa gurudumu, miguu ya foko hubaki wazi haina cha kuizuia. Gunia moja la mchele likiangukia hapo, foko inabanwa na gurudumu halitaingia tena. Kata kipande cha mwanzi chenye urefu sawasawa na nafasi ya ekseli. Pima kwa ekseli yenyewe, si kwa macho. Kibane kati ya miguu ya foko na ukifunge kwa mpira. Fanya vivyo hivyo nyuma kama umetoa gurudumu la nyuma. Mianzi haijawahi kuadimika Rungwe, na hiki ni kifaa ambacho maduka ya Ulaya huuza cha plastiki.

Kwa kuzungushia mabomba ya fremu, usinunue chochote. Majani makavu ya mgomba, mikunjo miwili au mitatu, yakifungwa kwa kamba za mgomba huohuo, huzuia mikwaruzo vizuri sana na ukifika unayatupa shambani. Majani mabichi usitumie. Utomvu wake huganda kwenye rangi na nguo na hautoki.

Weka magurudumu pande mbili za fremu, ekseli zisigusane na mabomba. Funga sehemu tatu kwa mpira, kaza mpaka ukiinua kifurushi kwa mkono mmoja hakuna kinacholia. Mwisho funika upande wa cheni kwa kiroba. Hili watu hulipuuza, na ndilo huleta ugomvi mkubwa. Mama aliyetoka Kyela na mchele wake hataki kusikia habari za grisi. Futa cheni, ifunike, na utasafiri kwa amani.

Konda

Mpango wa bei ufanyike kabla kifurushi hakijaondoka mkononi mwako. Na usianze kwa kusema una baiskeli, maana akilini mwa konda baiskeli ni kitu cha kupanda juu ya gari na kulipiwa vizuri. Mwoneshe kifurushi kwanza. “Kaka, nina mzigo huu mmoja, umefungwa, hauchafui. Unakaa kwenye buti.” Atauinua, ataona ni mwepesi, na mtaongea kama watu. Akisema uende juu, kubali kama mzigo utakuwa wa mwisho kupakiwa, juu ya magunia na si chini yake. Panda mwenyewe uone unavyofungwa, au mpe mpiga debe unayemwamini kazi hiyo. Magurudumu yasiwe chini ya kitu chochote. Ringi iliyokaliwa na magunia ya viazi kutoka Isyonje hadi Kyimo haitanyooka kwa spoki.

Kwa safari ndefu, treni ya TAZARA, siku ambazo inabeba abiria, ina faida yake kwa anayetoka Mbeya kwenda Dar es Salaam. Fika stesheni mapema uulizie utaratibu wa mizigo. Kwa ndege kutoka uwanja wa Songwe, piga simu kwa shirika kabla ya kukata tiketi, upime kifurushi kwa mizani ya nyumbani, na upunguze upepo kwenye matairi.

Kuirudisha

Hapa ndipo haraka huumiza watu. Umefika Kyimo, jua linazama, watoto wanataka kuiona, nawe unataka kuipanda. Tafuta mahali penye mwanga na ardhi ngumu, utandike kiroba, nati zisipotee kwenye matope.

Gurudumu la nyuma kwanza, kisha la mbele. Gurudumu likae sawasawa katikati ya foko kabla ya kukaza nati. Kaza upande huu kidogo, upande ule kidogo, kwa zamu. Usukani urudi kwenye alama yako. Kwenye bomba lake kuna mstari wa kiwandani unaoonyesha mwisho wa kuupandisha. Mstari huo usionekane nje. Kisha simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu kati ya magoti yako, ujaribu kuzungusha usukani. Ukizunguka peke yake bila gurudumu, bado hujaukaza.

Pedali zianze kuingia kwa vidole, si kwa spana. Ukihisi zinagoma tangu mzunguko wa kwanza, umebadilisha ya kushoto na kulia. Angalia herufi L na R zilizochongwa mwisho wa ekseli zake.

Kisha breki. Zungusha kila gurudumu uone kama raba inagusa ringi na si tairi. Shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele: inatakiwa inyanyuke nyuma. Shika ya nyuma, vuta: tairi liburuzike. Kama baiskeli yako ina kile kipande cha chuma bapa cha breki ya nyuma, kiguse kwa kidole uhakikishe kimefungwa. Baada ya hapo panda, lakini kwenye sehemu tambarare, uwanja wa shule au barabara ya mtaani, mizunguko michache tu, ukisikiliza. Mlio wa kugonga kila mzunguko wa pedali ni pedali au kranki iliyolegea. Mlio wa kukwaruza ni breki au madigadi.

Ukiteremka Kyela kesho yake, usishike breki moja mfululizo, ringi hupata joto na raba hulainika. Badilisha mbele na nyuma, na ukiona mkono unachoka simama upumzike. Nati za magurudumu zilizokazwa upya hulegea kidogo katika kilometa za mwanzo. Ukifika Ushirika simama kando ya barabara, toa spana namba 15, uzikaze tena zote nne.